Nani Anavaa Sweta Juba?

Vijana wa gereji, mmeniomba niwaandikie kitu kabla sijarudi Kitale, na mmeniomba wote kwa pamoja na kwa kelele, kama mnavyoomba kila kitu. Haya, nimeketi. Sitaandika habari za vyeo, kwa sababu katika gereji yetu ya Atlabara cheo kilikuwa kimoja tu, kushika ufunguo wa sanduku la vifaa. Habari za mshahara nazo sitaziandika, maana nataka msome hadi mwisho. Nitawaambia nilivyoanza, kisha nitawaeleza juu ya gari moja, Prado nyeupe ya kliniki ya Nyakuron. Wengi wenu mlikuwa hamjaja. Mliokuwapo huisimulia vibaya, na nimechoka kuwasahihisha.

Nilifika Juba na sanduku la chuma nililolipakata tangu mpakani, kwa sababu nilikataa katakata liwekwe kwenye buti la basi. Gereji ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, na chini ya paa alisimama Usta Lado. Usta ndivyo anavyoitwa hapa fundi aliyekomaa. Alijifunza kazi akiwa mkimbizi Uganda, akarudi na Kiswahili cha huko na mikono isiyoogopa moto. Hakuniuliza cheti. Wala hakuniuliza kwa nini mwanamke anataka kulala chini ya magari, swali ambalo nilikuwa nimeliandalia jibu kali njia nzima. Alisema tu, "Lete spana ya kumi na mbili, mimi naona."

Nikampa. Namba kumi na mbili ndiyo inayoshikwa kuliko zote, na yangu ilikuwa imelika mdomo na kung'aa mpini. Akaigeuza, akaipitishia kidole gumba.

"Hii imefanya kazi," akasema. "Ingia."

Jibu langu kali nikabaki nalo.

Mengi ninayowafundisha ni yake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mkono hutangulia spana: kabla hujafungua kitu, gusa mipira ya maji, wa juu na wa chini, ujue moto umefika wapi na umekwama wapi. Alinifundisha kuunusa moshi kwa kuukinga na kiganja, si kuingiza pua kwenye ekzosi kama mnavyofanya. Alinifundisha kuuliza gari limekunywa maji gani, kwa kuwa dereva wa Juba akikwama hujaza rejeta maji ya mtoni kutoka kwenye malori ya maji, na tope la Nile likishatulia mle ndani halitoki kwa kubembelezwa.

Na alinifundisha kuvua sweta. Hapa niende polepole. Kila injini ina themostati, kimlango kidogo cha chuma chenye springi, kinachokaa kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi kimlango hufungwa ili ipate joto haraka. Ikishapata joto hufunguka, maji yakaenda kwenye rejeta kupoa. Usta Lado alikiita sweta. Gari lolote lililoingia Juba, liwe limetoka Mombasa au Kampala, huduma yake ya kwanza ilikuwa kutolewa themostati na kufungwa tena bila hiyo. "Nani anavaa sweta Juba?" aliwauliza wateja, nao wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana jua la hapa nyote mnalijua. Gereji zote za mji zilifanya hivyo. Zile alizozitoa Usta alizitunga kwenye waya mlangoni, zikining'inia kama samaki wa kukaushwa. Lilikuwa ndilo tangazo lake.

Miaka ikaenda. Nilifungua injini nyingi, na nikaunganisha nyingine zilizoletwa kwangu ndani ya magunia, wenyewe wakiapa kwamba hakuna kilichopotea.

Kisha ikaja Prado. Ililetwa ikivutwa kwa kamba, na mwenye kuileta, Sista Keji, alitembea kando yake kwa miguu. Sista Keji ni mkunga mkuu wa kliniki ile, mwanamke mfupi aliyekulia Gulu, asiyejua kuzungumza taratibu. Kliniki yake iliweza kuzalisha lakini haikuweza kupasua. Mama aliyeshindwa kujifungua, au aliyevuja damu, ilibidi afikishwe hospitali kuu, na cha kumfikisha kilikuwa gari hilo moja walilopewa na wafadhili.

Sasa gari lilikuwa linachemka. Si kila siku, na si kila mahali, lakini lilipenda kuchemka kwenye soko la Konyo Konyo, kwenye msongamano, mama akiwa nyuma ameuma kanga. Mara ya mwisho kabla ya kuletwa kwetu lilizimika pale sokoni, na mtoto akazaliwa kwenye kiti cha nyuma huku wauza nyanya wakishikilia mashuka yawe ukuta. Mama na mtoto walipona.

"Mungu alinisaidia hiyo siku," Sista Keji aliniambia. "Siku ingine atakuwa na kazi ingine."

Juu ya hayo palikuwa na kipimo cha moshi. Wafadhili walikuwa na uwanja wao wa ukaguzi kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege, na kila gari lenye nembo yao lilipimwa breki, taa na moshi. Prado ilikuwa imeshafeli moshi mara mbili. Ikifeli tena wangeichukua, iuzwe kama chuma, na hawakuwa wameahidi nyingine. Mkaguzi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Nilipompigia simu alinieleza vizuri kwamba injini inakunywa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma, na kwamba sheria hakuitunga yeye.

Tazameni tulivyofanya, maana ndivyo mnavyofanya hadi leo. Tuligawana ugonjwa. Anayejua rejeta alipewa kuchemka, anayejua plagi alipewa moshi. Rejeta ikafunguliwa, likatoka tope la kutosha kupandia mchicha. Pampu ya maji ikabadilishwa. Feni ikapimwa, ilikuwa nzima. Upande wa pili zikawekwa plagi mpya na chujio jipya la hewa, na njia za petroli zikasafishwa. Kila mmoja akasema upande wake umekwisha. Taban, dereva wa kliniki, akaitoa mchana kwenda kuijaribu, na akarudi kwa boda boda. Prado ilikuwa Konyo Konyo, imechemka.

Hapo Usta Lado akatoa hukumu. "Silinda hedi imepinda. Fungua."

Wote wakakubali, kwa sababu ni Usta, na kwa sababu fundi aliyeishiwa mawazo hupenda kufungua. Lakini kufungua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ni kazi kubwa, na vipuri vyake vingeagizwa Kampala, na kipimo cha mwisho kilikuwa wiki ile ile. Nilikataa. Sikuwa na jibu lingine, nilikuwa na ubishi tu na mambo machache niliyoyaona. Mafuta ya injini yalikuwa safi, hayana maji. Maji hayakuwa na mafuta, wala hayakutoa mapovu injini ikinguruma. Hedi iliyopinda haikosi kuacha alama.

"Usta, hiyo hedi haijanionyesha kosa lake," nikasema. "Siifungui."

Akanitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye chai yake. "Wewe kichwa ngumu."

"Ndiyo, Usta."

Kesho yake nikapanda Prado na Taban tangu asubuhi, nikaapa sishuki mpaka nimeelewa. Sista Keji alikuwa nasi, akienda kuchukua dawa. Tulipita barabara ya uwanja wa ndege, pana na yenye upepo, na nikaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja: mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, kana kwamba injini haijawashwa. Nilimwambia Taban asimame, nikafunua boneti, nikagusa mpira wa juu. Ulikuwa vuguvugu. Maji ya kuogeshea mtoto yana moto zaidi.

Tukaendelea mpaka Konyo Konyo. Tulipokwama kati ya lori la makaa na boda boda zisizohesabika, mshale ukaanza kupanda. Nikashuka pale pale, nikafunua boneti huku wakinipigia honi na kunitukana kwa lugha zote za mji. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa moto. Wa chini ulikuwa haujapata moto wa maana, yaani rejeta ilikuwa ikipata maji kidogo. Lakini ule mpira mfupi unaozungusha maji ndani ya injini yenyewe bila kupita kwenye rejeta uliniunguza kiganja.

Nikarudi kwenye kiti nimekasirika. "Asubuhi lina baridi, mchana linaungua," nikamwambia Sista Keji. "Hili gari lina magonjwa mawili, na mimi nina siku chache."

Alikuwa akijipepea na boksi la glavu. "Unasema nini, Mama Fundi? Mtu akitetemeka asubuhi na akichomeka jioni, mimi siiti daktari mbili. Napima malaria."

Niliikodolea macho boneti. Nadhani alifikiri nimechukia, kumbe nilikuwa nimefurahi hata nikaogopa kufungua mdomo. Kama ni ugonjwa mmoja, basi nitafute kitu kimoja ambacho kikikosekana injini itakuwa baridi inapotakiwa kuwa moto, na moto inapotakiwa kuwa baridi. Kwenye njia nzima ya maji kitu chenye kazi hizo mbili ni kimoja tu, na Prado haikuwa nacho. Vya aina yake vilikuwa kwenye waya mlangoni kwetu.

Nawafafanulia, kwa sababu hapa ndipo mnaposimulia vibaya. Themostati ya injini ile ina mguu. Mlango wake unapofunguka kupitisha maji ya rejeta, ule mguu unaziba njia ya mkato, mpira mfupi ulioniunguza. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Barabarani, upepo ukiwa mwingi, injini haipati joto. Kompyuta yake inadhani imewashwa sasa hivi, inaendelea kumimina petroli ya kuamshia, na moshi unafeli. Kwenye msongamano maji ya moto yanapita mkato na kurudi ndani bila kupoa, na gari linachemka. Tulikuwa tumetoa kitu ili gari lisichemke, na kutoa kwenyewe ndiko kulikolichemsha.

Kumwambia Usta ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimheshimu, na bado namheshimu. Nilimkuta ameketi kwa mama chai, nje ya lango letu, nikabaki nimesimama.

"Usta, Prado inataka sweta yake."

"Juba hii?"

"Juba hii."

"Mimi natoa hiyo kitu kwa magari toka zamani. Zote zinatembea."

"Zinatembea na zinachemka, Usta. Sisi tunaongeza maji, tunasema ni jua."

Waliokuwa karibu wakaanza kutafuta vitu chini, kana kwamba kila mmoja ameangusha nati. Usta akaweka kikombe. "Sikia, Nasimiyu. Wakati ya vita mimi iko ndani ya lori, porini. Hiyo mlango ndogo ikakwama, ikaziba. Injini kalas, imekufa. Watu tulilala njiani na watoto, tunasikia bunduki. Wewe unataka hiyo ikwame na mama mwenye mimba ndani?"

Sikuwa najua habari hiyo. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka yote ile nikidhani sweta ni mzaha wake tu. Nikakaa chini mbele yake, kwenye kiti kidogo cha wateja, na hasira yangu ikapungua.

"Basi tuipime mbele ya macho yako," nikasema. "Ikikwama hata kidogo, siiweki. Nafungua hedi."

Themostati mpya madukani zilikuwa hazipatikani. Nani angeleta bidhaa ambayo mji mzima unaitoa na kuitundika? Usta akainuka mwenyewe, akaushusha waya kutoka kwenye msumari, akaniwekea mapajani. Nikachagua zenye kipimo cha Prado na mguu mzima. Mama chai akakataa kuniazima sufuria, akisema yeye hapiki magari, kisha akanitolea moja iliyovunjika mpini ili aone mwisho wake. Tukazitumbukiza themostati kwenye maji baridi, zikining'inia kwa uzi, tukaweka juu ya makaa.

Fanyeni hivyo kila mara, hata kwa iliyo mpya kwenye boksi. Iliyo hai hufunguka taratibu maji yanapoanza kutoa mvuke, kabla hayajachemka. Ukiitoa ikapoa, hufunga tena kimya kimya. Siku ile kadhaa zilikaa zimefumba macho mpaka maji yakatokota. Hizo Usta alizichukua moja moja na koleo, akazitupa mbali, na kila alipotupa alinitazama. Nyingine ilifunguka nusu ikang'ang'ania. Kisha moja ikafunguka vizuri, mguu ukashuka mpaka mwisho. Usta alikuwa amechuchumaa, uso karibu na mvuke.

"Toa. Rudisha," akasema.

Nikatoa, ikafunga. Nikarudisha, ikafunguka. Akaniambia nirudie mpaka mama chai akauliza kama leo wateja wake watakunywa chuma. Mwishowe akasimama akijishika magoti.

"Weka hiyo. Ikichemka, mimi nacheka ya kwanza."

Nikaiweka kwa mkono wangu, na gasketi mpya. Kuna kichuma kidogo kinachochezacheza pembeni ya themostati. Kikae juu kabisa, ndicho kinachotoa hewa. Mkikiweka chini mtanikumbuka. Nikajaza maji safi na dawa yake ya rejeta, nikaacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa ikaisha. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukakaa. Usta alisimama hapo muda mrefu akisubiri kucheka. Hakucheka, na tangu wiki ile hakuongeza kitu kwenye waya wake.

Siku ya kipimo nilimzungusha Taban mji mzima kwanza ili injini iive. Tulipofika kwenye foleni ya ukaguzi akataka kuzima, kama wenzake. Nilimpigia kelele hata mlinzi akaja. Mkaguzi akaingiza mrija kwenye ekzosi. Akasoma mashine yake, akauchomoa, akauingiza tena. Sista Keji alikuwa ananishika mkono kwa nguvu za mtu anayevuta watoto kila siku.

"Imepita," akasema mkaguzi. "Mmebadilisha injini?"

"Tumeivisha," nikasema. Sista Keji alilia, akakana kwamba analia, akalia tena.

Lakini kipimo chake yeye hakikuwa cha moshi. Hatujatoka hata langoni simu yake ikaita. Kliniki kulikuwa na mama ambaye mtoto alikuwa amekaa vibaya, uchungu umeshika, na hawawezi kumsaidia pale. Tukakimbia Nyakuron. Nawaambia mapema ili msisome kwa wasiwasi: yeye na mtoto wako hai. Jina lake Poni, na nyumba yake inatazamana na lango la kliniki, na hilo ndilo lililotuponza. Alipoona gari lipi limekuja alishika mwimo wa mlango, akakataa kutoka.

"Hiyo arabiya? Mimi naona kila siku inavutwa na kamba. Inachemka. Mimi sipandi. Leta boda."

"Boda na hiyo tumbo?" Sista Keji akafoka. "Poni, panda!"

"Sipandi!"

Sista alikuwa tayari kumbeba kwa nguvu. Nikamwomba anipishe, nikachuchumaa mbele ya Poni. "Dada, mimi ndiye niliyeitengeneza. Nakaa ndani na wewe."

"Ikichemka?"

"Nakubeba mgongoni mpaka hospitali."

Alinitazama mabega, na nadhani aliona si uongo mkubwa sana. Maumivu yakamjia, yakapita. "Wapi inaonyesha kama inachemka?"

"Kuna mshale, mbele ya dereva."

"Basi mimi nakaa mbele. Mimi naangalia."

Sista Keji alisema haiwezekani, mgonjwa hulala nyuma. Poni akaushika mwimo upya. Hapakuwa na muda wa kubishana, na kwa mkaidi mimi ni mwepesi wa kumtambua mwenzangu. Tukalaza kiti cha mbele kadiri kilivyokubali, tukamweka, nami nikakaa nyuma yake na mkono wangu juu ya bega lake. Taban akaondoa gari.

Ilikuwa mchana wa jua kali, na njia ilikuwa ile ile. Konyo Konyo ilikuwa imefunga: malori ya maji, mikokoteni, boda boda zikipenya kila upande. Tulikwama. Uchungu ulipomjia Poni alinishika kifundo cha mkono na kufumba macho. Ulipopita aliyafumbua, na kitu cha kwanza alichotazama ni mshale. Nami nilitazama mshale. Taban jasho lilimtoka mpaka kidevuni, na Sista Keji aliyekuwa kando yangu alikuwa anaomba kwa Kiacholi bila kuvuta pumzi. Nawaambia kweli, niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya gari lolote.

Mshale ukasogea juu, unywele tu. Poni akauona.

"Nini hiyo?"

"Subiri," nikasema.

Ukarudi katikati.

"Mlango wake umefunguka," nikamwambia. "Sasa maji yanaenda kupoa."

Akaitika kwa kichwa, kwa uzito, kama mtu aliyepewa habari za mwili wake mwenyewe. Mbele yetu lori likasogea, kisha mkokoteni, na Taban akapenya.

Kwenye mlango wa hospitali wauguzi walikuja mbio na kitanda cha magurudumu, wakafungua mlango wa upande wake. Poni hakushuka.

"Zima," akamwambia Taban.

Taban akazima. Poni akainua mkono tunyamaze, na wote tukanyamaza, hata wauguzi, ambao hawakujua tunasubiri nini. Alikuwa anasikiliza ile sauti ya maji yanayotokota chini ya boneti, aliyoizoea kutoka mlangoni kwake. Tukasikiliza pamoja naye. Kulikuwa kimya.

"Kwes," akasema, "iko sawa," akaninyooshea mkono nimsaidie kushuka.